Mkasi Mfukoni mwa Sare

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika Jumamosi, na Emiliana alikuwa bado hajui atamjibu nini Mama Getruda. Alikaa kitandani bwenini akikunja sare yake ya uuguzi kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mkunjo ulikuwa umepita kando kidogo ya mshono. Mara ya pili haukuwa na kosa lolote, lakini aliukunjua hata hivyo.

"Hiyo nguo ingekuwa na mdomo ingekuomba msamaha," alisema Edna, mwenzake wa kitanda cha juu. "Si umkubalie tu yule mama? Kazi yenyewe ni kusimama nyuma ya kaunta."

"Sijakataa."

"Wala hujakubali. Unatuchosha, fundi."

Edna alimwita fundi kwa sababu kabla ya kuja Korogwe kusoma uuguzi, Emiliana alikuwa amesomea ushonaji katika chuo cha ufundi kwao Handeni. Huko mkono wake ulizoea mkasi mpaka akawa anakata kitambaa bila kuchora chaki, na mwalimu akawaita wenzake waje kutazama.

Kazi aliyokuwa akiiwazia ilikuwa katika duka la dawa lililo karibu na stendi. Mwenye duka, Mama Getruda, alikuwa mkazi wa Kwamndolwa, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Alikuwa amempa wiki mbili za majaribio: kila siku baada ya vipindi, kuanzia saa kumi hadi jua linapozama. Jumamosi ilikuwa siku ya jibu. Akikubali, kazi ingekuwa yake hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Akikataa, alikuwepo binti wa Mkumbara aliyeisubiri kwa hamu.

Sababu ya kukubali ilikuwa Handeni. Mvua ilikuwa imekatika wakati mahindi yanaanza kutoa mbelewele, na mama yake, Lea, sasa alikuwa akienda kibarua cha kupalilia mashamba ya wengine, goti lake bovu likiwa limefungwa kitambaa. Kila Emiliana alipoinamia daftari, alimwona mama yake ameinamia jembe. Malipo ya dukani yangemtoa kwenye kibarua kile. Hilo lilikuwa wazi. Kisichokuwa wazi ni kwa nini, tangu aanze kwenda dukani, usingizi ulikuwa ukimpaa, na kwa nini alinawa mikono hata ikiwa safi.

Au pengine kilikuwa wazi nacho, ila hakutaka kukitazama. Kwenye msumari wa kaunta ya Mama Getruda ulining'inia mkasi uliofungwa uzi. Siku ya kwanza alikuja mwanamke mwenye tenga la nyanya, akanyoosha kidole kwenye vidonge vilivyopangwa katika karatasi yao ya kung'aa.

"Nikatie vinne."

"Mama, hii ni dozi ya siku saba. Ukimeza nusu, ugonjwa utatulia kidogo tu, halafu utarudi."

"Mwanangu, sijaja kusomeshwa. Vinne."

Mwanamke alipokwisha kuondoka, Mama Getruda alisema taratibu, "Unawafukuza. Akitoka hapa anavuka barabara, anakatiwa vitatu. Sasa utakuwa umemsaidia nini?"

Siku ya pili Emiliana alibishana na mteja mmoja tu. Siku ya tatu hakubishana na yeyote. Alikata katikati ya kidonge na kidonge, mstari ulionyooka, na kwa kuwa alikuwa na haya ya kunyamaza kabisa, alijitungia maneno ya kumuaga nayo mteja: "Vilivyobaki utarudi kuvichukua ukipata nafasi." Mama Getruda aliyapenda sana maneno hayo. Alisema ni ya mtu aliyezaliwa kwa ajili ya duka.

Ijumaa asubuhi Emiliana alikuwa katika wodi ya wanaume. Msimamizi wao, Sista Josefina, alikuwa mtu asiyepaza sauti hata mara moja, na wanafunzi walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyetia sahihi katika kitabu cha vitendo, ambamo kila kazi ya muuguzi ilikuwa na mstari wake. Emiliana alikuwa amebakiza mstari mmoja: kumkabidhi mgonjwa anayeruhusiwa dawa zake na kumweleza namna ya kuzitumia. Kitabu kikiwa na mstari mtupu, mwanafunzi hafanyi mtihani wa muhula.

Mgonjwa wake alikuwa mzee Yordani wa Mazinde, aliyekata mkonge ujana wake wote na sasa alikuwa akiuguza kidonda cha mguu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, nesi. Leo mnanifukuza?"

"Tunakuruhusu, babu."

"Ni yale yale. Na uji wenu nilikuwa nimeshauzoea."

Emiliana alilinganisha jina na faili, akalinganisha dawa na maandishi ya daktari, akaeleza: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku saba. Kila neno lilikuwa mahali pake. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni mwa sare, ukatoa mkasi wa bandeji, ukakata karatasi ya vidonge katikati. Akampa mzee nusu. Nusu nyingine akaiweka kwenye trei.

Mzee Yordani alizitazama nusu zote mbili. "Na hivi vya kwenye trei ni vya nani?"

"Vilivyobaki utarudi kuvichukua ukipata nafasi."

"Nirudi kutoka Mazinde? Kwa mguu upi, mjukuu wangu? Huu mlioufunga, au huu wa kuazima?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliangua kicheko. Ndipo Emiliana alipoyasikia maneno yake mwenyewe, kana kwamba yamesemwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Mkasi ulikuwa bado wazi mkononi.

Sista Josefina alisogea, akaziokota nusu mbili na kuzikutanisha. Zilikutana barabara.

"Umekata vizuri," alisema. "Mkono usiozoea haukati hivi. Unauza dawa?"

"Karibu na stendi, Sista. Ni majaribio tu."

"Nami niliwahi kuuza nilipokuwa mwanafunzi. Simkatazi mtu kufanya kazi." Alimkabidhi mzee vidonge vyote, akarudia maelekezo, akafunga kitabu cha vitendo bila kutia sahihi. "Jumatatu utarudia. Nataka nione mkono wako ni wa wapi."

Jioni ile Emiliana hakwenda dukani. Aliandika katika daftari maneno ya kumwambia Mama Getruda, akayafuta, akayaandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa mbele ya kaunta kabla madirisha hayajafunguliwa.

"Mama, nitakuja Jumamosi na Jumapili. Nitapanga dawa, nitafagia, nitaziandika zinazokaribia kuisha muda. Ila sitakata dozi."

Mama Getruda alicheka, lakini si kwa ubaya. "Yaani niajiri mkono mmoja?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, mteja wangu ni yule wa vinne. Wa dozi nzima huja hapa mara moja kwa mwezi, tena akiwa amepotea njia."

"Basi unisamehe, mama. Sitaiweza kazi hii."

Mama Getruda alitoa kipande cha sabuni chini ya kaunta. "Chukua. Wiki mbili hizi unanawa kama unajiandaa kumpasua mtu. Binti wa Mkumbara nitamwita aje saa nne."

Emiliana alimpigia mama yake simu akiwa bado njiani, ili asipate muda wa kuogopa.

"Shikamoo, mama. Nimeiacha ile kazi ya dukani."

Upande wa pili Lea alikuwa akifukuza kuku. "Na mimi nimeshamwambia jirani yetu Yasinta kwamba mwanangu anatoa dawa Korogwe," alisema. "Amekwisha kuniletea orodha."

"Orodha ya nini?"

"Ya kukatiwa. Nusu nusu."

Emiliana alimsimulia yote, mpaka mguu wa kuazima wa mzee Yordani. Lea alicheka hapo mpaka akakohoa.

"Na goti, mama?"

"Goti hili lilikuwepo kabla ya hilo duka. Wewe soma."

"Jumatatu unakwenda kibarua?"

Lea akauliza kama Korogwe mvua imenyesha.

Jumatatu mgonjwa alikuwa Richard, dereva wa bodaboda aliyekuwa amechubuka vibaya mkono. Emiliana alimpa karatasi ya vidonge nzima, akamtaka arudie maelekezo.

"Asubuhi kimoja, jioni kimoja, siku saba. Nikipona siku ya tatu je, nesi?"

"Unaendelea."

"Hata nikiwa nimeshapanda pikipiki?"

"Hata ukiwa umepakia abiria."

Mkono wa Emiliana ulikuwa umekwenda mfukoni wenyewe, ukakuta mfuko mtupu. Sista Josefina aliuona.

"Mkasi wako uko wapi?"

"Nimeuacha bwenini, Sista."

"Kitanda cha sita kinasubiri kubadilishiwa bandeji. Utaikata kwa meno?" Kitabu cha vitendo kilikuwa mkononi mwake, kimefungwa. "Kaulete. Halafu utamruhusu mgonjwa wa kitanda cha tisa mbele yangu, mkasi ukiwa mfukoni."

Emiliana alikwenda kwa hatua za haraka, kwa kuwa wodini hawakimbii. Alirudi, akabadilisha bandeji ya kitanda cha sita, akaufuta mkasi na kuurudisha mfukoni. Alinawa mara moja tu. Saa hiyo, Handeni, mama yake angekuwa amefika mstari wa pili wa shamba la watu.

Mbele ya kitanda cha tisa uzito wa chuma uliligonga paja lake kila alipoinama. Alieleza dozi tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho, akaishika karatasi nzima kwa mikono yote miwili, na hakuiachia mpaka mgonjwa alipoipokea. Nyuma yake alisikia kalamu ya Sista Josefina ikifunguliwa.