Sweta Jekundu Ndani ya Sufuria

Uzi wa sufu uliofumuliwa hujikunja kama tambi, na usiponyooshwa haufumiki. Mama aliufunga mafungumafungu, akaning'iniza jiwe dogo chini ya kila fungu, akayatundika kivulini maana jua hufubaza rangi. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza yakauke pande zote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Katika maduka ya Babati ulipata salamu tu, tena kama mwenye duka aliamka vizuri. Aliyetaka sweta alifumua la zamani.

Siku ya kutia rangi nilitoka shule nikakuta magome ya mgunga yanachemka pamoja na misumari yenye kutu, na nyuzi zimeshakuwa nyeusi.

"Sufu ya nani hiyo?"

"Sufu ni sufu. Koroga taratibu."

Nikakoroga. Kisha siku tatu nikageuza. Mama aliwaambia majirani nina mkono wa kazi, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi nilifungua sanduku la bati nitoe sweta langu jekundu, alilonunua baba Arusha kabla mambo hayajaharibika. Kesho yake nilikuwa napata kipaimara, na nilikuwa nimelitunza miezi mitano bila kulivaa kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuta vifungo vyake tu, vimefungwa kwenye karatasi.

Mama alikuwa uani anafuma mkono wa pili.

"Kaka yako wa Bonga amechaguliwa sekondari," alisema bila kuinua macho. Alimaanisha mtoto wa mama mdogo. "Wanataka sweta jeusi. Wewe umechaguliwa wapi?"

Nilikuwa darasa la sita. Hata kufuta ubao sikuwa nimechaguliwa.

"Ungeniambia, mama."

"Ungekubali?"

Nisingekubali, na sote wawili tulijua. Kunyang'anywa ningezoea. Kilichoniuma ni kwamba nilisifiwa huku nikiligeuza kwa mikono yangu.

Kipaimara nilipokea nikitetemeka kwa baridi ya Julai. Nadhani waumini walidhani ni Roho Mtakatifu. Nje ya kanisa mama mdogo alinishika mikono yote miwili.

"Mama yako ameniambia umejitolea mwenyewe. Mungu akubariki, mwanangu."

Mama alikuwa nyuma yake, ananitazama kwa utulivu kabisa.

"Asante, mama mdogo," nilisema.

Mpaka leo natajwa katika ukoo kama mtoto mwenye moyo wa kutoa. Mama anapowasimulia wajukuu hunitazama vilevile, nami natikisa kichwa kukubali.