Kijana wa Sinema Alizama au Hakuzama?

Nilikwenda Garsen kwa sababu ya mtu ambaye sijawahi kukutana naye, na ambaye nilikuwa na hakika kwamba amekufa maji. Inanibidi nieleze mwenyewe, maana hapa Ngao habari hii imesimuliwa na kila mtu isipokuwa mimi niliyekuwamo, na kila mmoja ametia chumvi yake.

Katika miaka ile ya hamsini gari la sinema lilikuwa likitupitia mara moja moja. Safari hiyo lilifika siku ya Ijumaa. Jua lilipotua, Bwana Sinema, kama tulivyomwita yule kijana wa Mombasa mwenye mashine, alitundika kitambaa cheupe ubavuni mwa gari akatuonyesha picha nne. Ya kwanza ilikuwa ya sabuni, watoto wanaogeshwa mpaka wanang'aa. Niliiona ndefu mno. Mtoto akishasuguliwa sikio moja, la pili tungeliamini tu. Ya pili ilikuwa ya askari na bendi yao, nayo niliipenda, ingawa hawakufika walikokuwa wakienda. Ya tatu ilikuwa ya mkulima aliyekaa shambani akitazama mbingu, akingoja mvua. Hiyo tuliicheka mpaka Bwana Sinema akanuna. Sisi hungoja mto ufurike kisha ushuke, ndipo tupande kwenye tope lake. Mama mmoja alimshauri yule mkulima kwa sauti ahamie Ngao.

Ya nne ndiyo iliyoleta balaa. Kijana anaaga kwao kwenda kusoma mjini. Anafika mtoni, anaingia mtumbwini peke yake, anaketi mbele kabisa hata nyuma ya mtumbwi inainuka juu, kisha anapiga maji kwa kafi kama anayeua nyoka. Hapo hapo injini ya umeme ikazimika, na haikuwaka tena usiku ule.

Nilisema huyo amezama. Mimi ni mvushaji, najua. Komora, shemeji yangu, ambaye ni fundi cherehani, akasema hakuzama, na hoja yake ilikuwa shati. Alisema shati lililokatwa vizuri namna ile, hakuna mtu mwenye akili angeliruhusu liingie majini. Tulibishana hadi nikajikuta nimeweka mtumbwi wangu mbele ya watu, naye ameweka cherehani yake. Mke wangu, dada yake Komora, alisema hajapata kuona wanaume wawili wakishindana kumfukarisha mwanamke mmoja.

Alisema kweli. Mtumbwi ule niliuchonga kwa miezi mitano, na ndio uliotulisha. Uliinamia kushoto kidogo, lakini nilikuwa nimeizoea tabia hiyo kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenzake.

Jumamosi gari lilikwenda Golbanti. Jumapili asubuhi tuliteremka na maji kulifuata, mimi na Komora, ndani ya mtumbwi huohuo tulioupigania, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake kwenda peke yake.

Golbanti tulikuta alama za magurudumu tu. Mwenyeji wetu, Mama Maro, alitupa wali na samaki akatueleza kwamba gari limekwenda Garsen, na kwamba kwao picha ya nne haikuonyeshwa kabisa. Ile ya sabuni yeye aliipenda, kwa kuwa watoto walikuwa wanono. Tulipomweleza safari yetu, alisikia neno kuzama tu, akaacha mwiko wake akatupa pole, akauliza marehemu alikuwa nani kwetu. Komora alimwambia kwa hasira kwamba kijana yu hai. Mama Maro akamtazama kwa huruma, akamwongezea samaki.

Siku mbili zilizofuata tulipanda mto kuelekea Garsen. Maji yalikuwa na nguvu, nami nilisukuma kwa upondo mpaka mabega yakawaka moto. Komora aliketi katikati, futi yake ya kupimia shingoni, akinieleza jinsi atakavyoukodisha mtumbwi. Hakushika upondo hata mara moja.

Garsen, siku ya tatu jioni, tulilikuta gari. Kitambaa kimetundikwa, na mbele yake Waorma, wafugaji wa huko, wamesimama na fimbo zao, wengi kuliko nilivyotarajia. Za sabuni na bendi walizitazama kwa adabu tu. Kisha ikaja picha ambayo sisi hatukuonyeshwa, ya kuogesha ng'ombe katika dawa, na hapo hakuna aliyekohoa. Ilipokwisha, mfugaji mmoja jina lake Barisa alimwendea Bwana Sinema.

"Rudisha," alisema. "Ile nyekundu, nyuma ya ile nyeupe, nachechemea. Hawa watu hapana ona?"

Ikarudishwa. Ikarudishwa tena. Kwa maoni yangu ng'ombe wale walifanana wote, lakini sikuthubutu kuyatoa maoni hayo pale.

Hatimaye ikaja yetu. Kijana akaaga, akaingia mtumbwini, akapiga maji. Halafu, bila ya ng'ambo, bila ya kutua, kijana huyo yumo mjini, anatembea barabarani, mkavu.

Nilisimama nikasema huyo si yeye, huyo ni ndugu yake amekuja kuulizia maiti. Watu wengine walianza kukubali. Lakini Komora alikwenda mpaka kwenye kitambaa, akaweka kidole kifuani pa kijana.

"Kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi," alisema. "Nilikiona Ngao, nimekiona hapa. Shati ni lilelile, shemeji."

Nilimfuata Bwana Sinema nikamwuliza kijana alivukaje. Alinijibu bila kuacha kukunja nyaya zake.

"Mto si muhimu, bwana. Picha ni ya masomo."

Nimetukanwa na abiria wa kila namna, lakini sijapata kuambiwa neno baya kama lile. Barisa aliyesikia aliniuliza kama kijana alikuwa na ng'ombe ng'ambo. Nilimwambia hana. "Basi navuka ya nini?" akasema, akaenda zake.

Kurudi tulishuka na maji, nami nilikuwa kibarua katika mtumbwi wa mtu. Nilifikiria nitamwambia nini mke wangu. Tulipokaribia Ngao, Komora alinitaka nishuke nitembee kando ya mto, ili watu wamwone akiingia peke yake na mtumbwi wake. Nilishuka. Akataka na kafi. Nikampa.

Kina mama walikuwa wakiteka maji, na nusu ya kijiji ilishuka kutazama. Komora alinyoosha shati lake, akasogea, akaketi mbele kabisa apate kuonekana vizuri. Nyuma ya mtumbwi ikainuka juu. Alipiga kafi mara tatu kwa madaha, mara ya nne mtumbwi ukapinduka naye akatoweka.

Maji pale yanafika kifuani tu, lakini mtu mmoja alitaja mamba, na Komora alitoka mtoni kabla kofia yake haijatoka. Niliufuata mtumbwi kwa kuogelea nikaukamata. Ukingoni watu walikwisha kukata shauri bila kutuuliza habari za Garsen: wameona kwa macho yao, aketiye vile huzama, basi kijana wa sinema alizama.

Komora alikaa kwenye nyasi akikamua shati lake, hanitazami.

"Chukua mtumbwi wako," alisema. "Na cherehani usiitaje."

Sikuitaja. Nilichojifunza ni kwamba mfugaji huenda sinema kutazama ng'ombe, fundi hutazama vifungo, na mimi hutazama maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyetazama masomo. Kijana, nakiri hapa kwa mara ya kwanza, hakuzama. Na ubaya wa mtumbwi wangu wa kuinamia kushoto sikumwambia Komora aliponiomba kafi. Aliomba kafi tu.