Gari la Kutosha Viti Vitatu

Mapacha walipozaliwa, mtoto wetu wa kwanza alikuwa hata miaka mitatu hajafikisha. Mume wangu anafanya biashara ya mpakani pale Kasumulu, na mimi nauza vyungu anavyofinyanga mama yangu ufukweni, kwa hiyo nyumba yetu ya Ikolo haikosi safari. Siku hizo tulikuwa tukikodi gari la jirani. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Mbeya kwenye kliniki ya mapacha. Katika kona za Tukuyu ng'ombe akaingia barabarani, dereva akafunga breki ghafla. Mapacha nilikuwa nimewakumbatia wote wawili. Mkubwa, aliyekaa kando yangu, alirushwa akajigonga kwenye siti ya mbele, mdomo ukapasuka. Damu yake ililowesha kanga yangu, nami nikasema kwa sauti, kila aliyekuwemo akasikia: "Wanangu hawapandi tena gari namna hii."

Wifi yangu, aliyeolewa Karonga, ng'ambo ya mpaka, alipopata habari alinipigia simu. Watoto wake wamekua, na vile viti vyao vya kufungwa garini bado alikuwa amevitunza. Vikavuka daraja la Songwe pamoja na mizigo ya mume wangu: viwili vya wachanga, ambavyo hutazama nyuma, na kimoja cha mkubwa. Nikavikagua kimoja kimoja, mikanda na vifungo. Vilikuwa vizima kabisa.

Mume wangu naye alikuwa ameshachagua gari la kununua huko Mbeya. Jeusi, la chini, linang'aa. Rafiki zake wengi wana la aina hiyo.

"Tukalichukue tu," akasema.

"Viti vinakwenda na sisi," nikamjibu. "Gari litakalovikataa, na mimi nalikataa."

Tukawaacha watoto kwa mama mkwe, tukapanda na gari la jirani hadi Mbeya. Kwenye yadi ya magari, dalali alituona tunashusha viti akaangua kicheko.

"Mama, hapa tunauza magari. Makochi yako sokoni."

"Utafungua mlango, au nifungue mwenyewe?"

Akafungua. Kwenye lile jeusi viti viwili viliingia, cha tatu kikakwama upande, mlango ukagoma kufunga. Tena mkanda wa katikati ulikuwa wa kiunoni tu, hauna wa begani. Gari la pili mkanda ulikuwa mfupi, haukuweza kukizunguka kiti cha mchanga. La tatu lilimeza viti vyote, lakini ilibidi siti za mbele zisogezwe mno. Mume wangu ni mrefu. Alipoketi, magoti yake yakabana usukani.

"Haya, endesha," nikamwambia.

Akajaribu kukata kona, usukani haukugeuka. Dalali alicheka mpaka akashika boneti, na tangu hapo akawa upande wetu.

"Lipo moja kule pembeni," akasema, "ila watu hawalitaki. Wanasema linafanana na gari la mikate."

Lilikuwa na rangi ya mchicha uliochemshwa sana, na milango ya kuteleza. Ndani kulikuwa na safu mbili za siti nyuma ya dereva, na kila nafasi ya safu ya kati ilikuwa na mkanda wake wa begani. Nikaweka kiti cha kwanza, nikakikandamiza kwa goti, nikavuta mkanda mpaka kifungo kikalia ta! Cha pili. Cha tatu. Mama yangu huvipanga vyungu kwa nyasi kabla ya kuvipakia mtumbwini, kwa sababu chungu kinachocheza ndicho kinachovunjika. Nikakitikisa kiti kwa nguvu zangu zote. Hakikucheza.

"Vuta wewe," nikamwambia mume wangu.

Akavuta. Gari zima likayumba, kiti hakikusogea. Akaketi mbele, magoti yakapata nafasi. Mlango ukateleza, ukafunga. Nikapiga vigelegele palepale, watu wakatoka kwenye maduka ya jirani kuja kutazama kuna harusi gani.

Mume wangu akaligeukia lile jeusi mara moja tu. "Lakini rangi hii, mama pacha?"

"Tutaizoea."

Akacheka, akaenda kumwita fundi aje kulikagua. "Ndaga," nikamwambia, asante ya kwetu, na niliitoa moyoni.

Kliniki iliyofuata tulikwenda na gari letu. Wakati wa kurudi, kwenye zile kona za Tukuyu, nilikaa nyuma ya watoto, mikono mitupu, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Gari lilipokata kona vichwa vyao viliegemea kidogo, kisha vikarudi. Mapacha walilala fofofo. Mkubwa alihesabu migomba kwa hesabu zake mwenyewe. Nikajikuta naimba.

Tulipofika Ikolo, majirani walilizunguka gari. Mama mkwe akachungulia dirishani, akapiga makofi. "Tazama wanavyokaa! Kama wazee wa kanisa!"

Mapacha wakashushwa. Mkubwa akashika mikanda yake kwa mikono miwili, akakataa katakata kutoka. Nikampelekea wali wake mlemle garini.