Beldina na Chungu cha Alama za Kamba

Jumapili, 11 Februari 2024. Jeddah ilikuwa na mawingu mepesi na upepo wa baharini, mvua haikunyesha.

Siku hiyo Beldina Auma, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya mtaa wa Al-Hamra ninakofanya kazi ya udereva, alichoma chungu uani. Madam wetu, Dakta Hanan, hufundisha historia ya kale. Alitaka kufungua karakana ya wanafunzi kufinyanga vyungu kama vya wakulima wa kaskazini mwa Ulaya, miaka elfu nne na mia tano iliyopita. Vya wanafunzi vilikuwa vimepasuka motoni mara mbili. Dakta Mishari, mwenye kutoa idhini, alikuwa njiani kutoka Riyadh. Madam alimwahidi Beldina kwamba chungu chake kikitoka kizima, ikama yake, yaani kibali chake cha ukaazi na kazi, itabadilishwa, aache jikoni awe mwalimu wa ufinyanzi.

Wanafunzi walikuwa wamechekecha udongo ukawa laini kama unga, usiohimili moto. Beldina alitwanga vigae vya vyungu vyao vilivyopasuka, akavichanganya humo, kama wafanyavyo kwao Siaya. Madam alisema wale wa kale nao walifanya vivyo hivyo.

"Mama Ian, ukiunguza ukuta wa bosi, mimi nilikuwa chooni," alisema Naftali, mlinzi wa getini, akimwita Beldina kwa jina la mwanawe.

"Kaa huko huko," Beldina alimjibu bila kugeuka.

Moto ulipolia pa! sote tukadhani chungu kimepasuka. Zilikuwa kuni tu. Chungu kilitoka kizima, na Dakta Mishari alipofika akakigonga kwa kidole, kikalia vizuri.

Ndipo akauliza swali lililowasumbua wasomi. Kwa nini vyungu vingine vya kale vina alama za kamba, mtindo wa wafugaji wageni, ilhali vimejengwa kwa ufundi wa wenyeji wa zamani? Madam alitaja nadharia mbili tatu. Beldina akaomba kusema.

"Huyo mfinyanzi alikuwa ameolewa," alisema. "Mimi kujenga chungu nilifunzwa na mama. Nilipoolewa, mama mkwe alinipa kamba yake, akasema vyungu vya boma hili vinapigwa hii. Nikapiga. Lakini mkono ni ule ule wa mama."

Dakta Mishari aliandika kwa muda mrefu. Akasema hilo linawezekana kabisa, kisha akatia sahihi idhini ya karakana.

Kesho yake asubuhi madam alijichemshia chai mwenyewe. Beldina alikuwa uani, amekaa mkekani kati ya wanafunzi wasichana kumi na mmoja, akiwafundisha kusokota kamba. Aliyesokota vibaya aliambiwa afumue, aanze upya.