Sponji Mbili kwenye Paji la Baba

Baba alikuwa seremala. Aliishi Kibera, upande ule unaopakana na Soko la Toi, akitengeneza vitanda na stuli. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kabiro, kule Kawangware, na kazi yangu ilikuwa kufua nguo kwenye nyumba za watu. Mama alishachoka naye, akarudi nyumbani Magharibi mwa nchi, na mzee akabaki mikononi mwangu.

Kilichomchosha Mama ni karata. Maombi tulijaribu. Wazee wa kanisa walimwekea mikono, akalia, akaapa, na kabla wiki haijaisha akawa amerudi kwenye meza ya kamari nyuma ya kibanda cha kinyozi. "Najua naliwa pesa," aliniambia wakati mmoja. "Hata nikiketi najua. Lakini miguu inanipeleka."

Ndipo nesi wa kliniki ndogo karibu na kwangu aliponiambia kuna daktari mgeni aliyekuja na mashine ya kusaidia watu walioshikwa na pombe na kamari. Nilimpeleka Baba wakati wa kampeni, magari yenye vipaza sauti yakipita nje. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kama redio, ina nyaya mbili, na kila waya umeishia kwenye sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi.

"Mzee," daktari akasema, "hapa nyuma ya paji la uso ndipo mtu anapojizuia. Kwako pamelegea. Tutapitisha umeme kidogo sana, wa betri, tuone kama patazinduka. Sitakudanganya, bado tunajaribu. Huenda isisaidie. Lakini ukianza, uje kila siku ya kazi mpaka tumalize."

Baba akaniangalia. "Watasema nina wazimu."

"Nani atawaambia?"

Akavua kofia, daktari akambandika zile sponji mbili kwenye paji.

Alisema inamwasha, kama siafu wakitembea chini ya ngozi. Nilikaa kando yake nikimpangusa maji ya chumvi yaliyomtiririkia kwenye nyusi. Tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kumgusa baba yangu usoni. Alifumba macho, akaniacha nimpanguse.

Siku moja alikuja kliniki akiwa kama mtu aliyeona kitu asichokielewa. "Jana nimepita kwa kinyozi," akasema. "Wakaniita. Nikasimama, nikafikiria, nikaenda zangu." Kama ilikuwa ile mashine, au ni kwa kuwa kila siku alikuwa na mtu wa kukaa naye, sikujua. Daktari naye alisema ni mapema mno kujua. Kliniki ikafungwa kwa sikukuu, tukaambiwa turudi mara tu baada ya kura.

Matokeo yalipotangazwa, moshi ukapanda upande wa Kibera. Mlangoni kwangu niliuona vizuri. Barabara zilifungwa kwa mawe na matairi, maduka yakafungwa, kadi za salio la simu zikakosekana. Baba ndiye aliyenipigia.

"Leo si ndiyo siku yetu ya kliniki?"

"Baba, usitoke. Hakuna njia."

"Nikipitia kwa reli?"

"Tafadhali usitoke."

"Wamekaa hapa nje wanacheza," akasema. "Hakuna kazi, soko limeungua, watu watafanya nini? Nazisikia karata zikipigwa mezani."

"Ingia ndani ufunge mlango."

"Niko ndani. Ni mabati tu haya."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika. Kutoka kwangu hadi kwake, siku za kawaida, nilikuwa nakwenda kwa miguu.

Njia zilipofunguka nilimkuta ameketi kwenye kitanda kisicho na godoro. Nikatazama pembeni alipokuwa akiweka vyombo vyake vya kazi. Randa haikuwepo, wala msumeno, wala patasi.

"Vimeungua?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema.

Nilimpikia uji, akanywa ameinamisha kichwa.

Kliniki ilipofunguliwa nesi aliniambia daktari alikuwa ameondoka nchini wakati wa vurugu, na mashine ameondoka nayo.

"Hakuna nyingine?"

"Ilikuwa moja." Akaniangalia kwa huruma. "Mzee alikuwa ameanza kupata nafuu?"

Nikamshukuru, nikatoka.

Baba alirudi Magharibi, Mama akampokea bila maneno. Siku hizi hahitaji meza wala wenzake, kamari imeingia kwenye simu. Mwaka juzi nilisikia redioni wakizungumzia matibabu ya namna ile, nikaenda kuuliza hospitali kubwa. Daktari kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hajui pa kunielekeza.

Mara ya mwisho nilipoenda kumwona alikuwa ameketi penye kivuli cha ukuta wa jikoni, simu mkononi, kidole kikibonyeza. Nilimwita. Akainua mkono kunionyesha nisubiri kidogo. Nikavuta kigoda, nikaketi kando yake, nikasubiri.