Upindo wa Koti Mchoroni

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, kabla hajalazwa hospitali, fundi wangu wa cherehani alikunywa chai ya tangawizi, akanifunga kifungo cha shingo, tukaenda na binti yetu Almina kwenye maonyesho ya picha Unionville, huku kwetu Kanada. Mke wangu huyo hakuridhika kuona nguo kwa nje. Hata ya mgeni angeishika ncha, akaigeuza, kidole gumba kikapapasa mshono. Kulikuwa na mchoro mkubwa wa wahenga wa Kichina: rangi, karatasi za dhahabu wanazowachomea wafu wao, na katikati koti la mtoto, la kweli, limebandikwa. Mwongoza wageni akasema, Almina akitufasiria, kwamba upindo wake mwekundu ni mpaka wa mbingu na dunia. Fundi akacheka.

"Mama, huyo kasoma," Almina akanong'ona.

"Nami nimeshona."

Mchoraji, mama wa Kichina, akasogea. Koti ni la babu yake, alisema, aliyeletwa Kanada peke yake akiwa mdogo. Hadi leo kwao hawajui kama mama yake alimtupa. Fundi akainama, akachungulia ndani ya upindo bila kugusa. Mbele ya watu wote wale nilijivuna, sikuficha. Akamgeukia Almina amfasirie: "Mwambie hapa ndani pamekunjwa upana wa vidole vinne, wa kufumuliwa mtoto akirefuka. Anayemtupa mtoto hamwachii kitambaa cha kukulia."