Mama Chupa na Supu ya Jana

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Chupa anavaa glavu, anafungua kabati la joto na kutoa chupa moja bapa, taratibu, kama aliyebeba mtoto aliyesinzia. Anaiweka chini ya hadubini, anainama, anaguna.

"Wamo," anasema. "Wameanza kujaa."

Anaowazungumzia ni seli za ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, zilizotolewa kwenye mirija ya vitovu vya watoto wachanga, ambayo wodi ya wazazi ingeitupa. Mama Chupa, mwenye miaka hamsini na tisa, ameosha chupa za maabara hii kwa miaka ishirini na sita, na kwa kumi na minane ya hiyo amezilisha seli. Mshahara, anasema akicheka, umepanda mara tatu tu. Magoti yanashuka kila siku.

"Hawa hawaishi bila umbea," anaeleza. "Damu ikipita kwa nguvu, wa ukutani wanapashana habari, kisha wanaupenyezea msuli ulio nyuma yao: legeza! Mshipa unapanuka. Wakinyamaza, mshipa unakaza, presha inapanda. Mume wangu ana presha. Najua ninachokisema."

Habari nyingine hupita seli kwa seli, zikiwa zimegusana. Nyingine huachwa ndani ya supu, ndivyo aitavyo maji mekundu ya lishe. Kwa hiyo yeye hubadilisha nusu tu. Nusu ya jana huibakiza.

Wiki mbili zilizopita, mwanafunzi mgeni, binti mwenye bidii na usafi wa kupindukia, aliimwaga yote. Chupa tatu, na ndizo zilikuwa za mwisho. Wodi imefungwa kwa ukarabati hadi mwakani, na utafiti wa miaka miwili ulitegemea seli hizo. Kufikia Jumatatu chupa mbili zilikuwa zimekufa. Ya tatu ilibakiwa na seli chache, kila moja kivyake.

"Nililia chooni," anakiri binti huyo. "Nilidhani nasafisha."

Mama Chupa hakumgombeza. Alikwenda kwenye friji, akatoa kwenye rafu ya chini supu kuukuu aliyoichuja na kuihifadhi wakati seli zilipokuwa na afya. Mkuu wa maabara alishamwambia mara nne aitupe takataka hiyo.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu," alimwambia binti. "Haya, shika chupa."

Wakaichanganya nusu kwa nusu na supu mpya, wakangoja. Siku tatu hapakuwa na dalili. Siku ya nne binti alipiga kelele: "Mama, njoo! Zimeshikana!"

Leo zimefunika robo ya chupa. Mkuu wa maabara amebandika karatasi kwenye ile rafu: Isiguswe.

Mama Chupa anastaafu baada ya miezi mitano. Wenzake wanamchangia saa ya ukutani, naye haitaki.

"Nataka Jumatatu ya kwanza nibaki kitandani," anasema, "huyu binti awalishe peke yake, na mimi nisipige simu."

Anaifuta hadubini, anafikiri.

"Nitapiga," anasema. "Lakini mara moja tu."